Mnatamani Lisbon na Mombasa hamjaitembea

Kuna video inanipitia kwa simu kila wiki, na najua hata wewe umeiona. Msichana anatembea kwa vichochoro vya Lisbon ama Barcelona, muziki wa pole pole, kahawa mkononi, na maandishi juu ya picha yanasema furaha ni kuishi mji ambao unaweza kuumaliza kwa miguu. Ukishuka kwa maoni, Wakenya tumejaa. "Siku moja, Mungu." "Nairobi haiwezi." "Hii ndio maisha."

Sawa. Mimi nina swali moja tu, na msininunie. Wangapi kati yenu mmeenda Mombasa mara tatu, mara nne, na hamjawahi kutembea kwa miguu kutoka Fort Jesus hadi Marikiti? Haifiki hata kilomita mbili. Ni kidogo kuliko ile unatembea ukitafuta matatu CBD jioni mvua ikinyesha.

Nimetaja Lisbon makusudi. Vasco da Gama, aliyefika Mombasa 1498 na kuonyeshwa kwamba hatakiwi, amezikwa huko. Wareno hao hao walirudi, na kati ya 1593 na 1596 wakajenga Fort Jesus, mchoro wa Muitaliano Giovanni Battista Cairati, ili mizinga yao ishike mlango wa bahari na mji wenyewe. Kwa hivyo wewe unaweka akiba ya visa ukatembee kwa vichochoro vya waliokuja kuushika mji wako, na vichochoro vya mji wako hujavikanyaga. Niambie hiyo haichomi kidogo.

Mombasa ya msee wa Nairobi naijua. Unashuka SGR pale Miritini, ambako si hata kisiwani. Teksi inakungoja. Unapelekwa Nyali, ama Bamburi, ama Diani. Bwawa, dafu, picha ya miguu na bahari nyuma, muziki usiku, halafu kurudi. Reli ya zamani angalau ilikuwa inakuteremsha ndani ya mji, utake usitake. Sasa, na hii barabara ya Dongo Kundu, hata feri ya Likoni huihitaji. Unaweza kutoka Nairobi, ulale Diani siku nne, urudi kwenu, na mguu wako usiguse kisiwa hata dakika moja. Halafu unaandika "Mombasa raha." Boss, ulikuwa Kwale.

Sichukii bahari. Hakuna mtu anachukia bahari. Ninachosema ni kwamba pesa yetu inauzunguka mji kama gari linakwepa shimo, halafu tunashangaa mbona mji unachakaa. Mama wa viazi karai wa Kibokoni hauzii hoteli. Yule wa kahawa tungu na kashata anategemea mtu apite kwa miguu, asimame, anywe kikombe kimoja, aongeze cha pili. Mtu akipita ndani ya gari lenye vioo juu, hakuna biashara.

Na hata wale wachache wanaoingia mjini, angalia wanafanya nini. Basi linasimama Fort Jesus. Wanaingia, picha kwa mzinga, picha ukutani, dakika arobaini, basi linaondoka. Fort Jesus ni muhimu, usinielewe vibaya. Waomani waliizingira kutoka 1696 hadi 1698, Waingereza wakaigeuza jela mpaka 1958, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Lakini ona vile hiyo hesabu imekaa. Ngome imo kwenye orodha, Mji wa Kale wenyewe haumo. Lamu imo, Mji Mkongwe wa Zanzibar umo. Mombasa, kilichoingia ni jumba la waliokuja kwa nguvu. Na sisi tunafuata: tunatembelea mzinga, mji uliolengwa tunauacha.

Huo mji ulikuwepo zamani. Ibn Battuta alipita hapa 1331, miaka 167 kabla ya Vasco, akaandika kuhusu misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri na watu wanaokula ndizi na samaki. Msikiti wa Mandhry, ulio dakika chache tu kutoka ngomeni, ni wa miaka ya 1570 hivi. Yaani ni mkubwa kwa umri kuliko Fort Jesus, na bado watu wanaswali ndani. Hakuna basi nimewahi kuona limesimama hapo. (Labda ni afadhali, basi lenyewe halingepita.)

Ebu tutembee basi. Nenda saa kumi jioni, jua likianza kupoa. Toka ngomeni uingie Ndia Kuu. Hiyo ni "njia kuu" kwa Kimvita, na utaicheka ukiona upana wake, lakini huo wembamba una kazi. Nyumba mbili zikikaribiana hivyo, moja inaitilia nyingine kivuli, na upepo wa bahari unabanwa katikati mpaka unausikia shingoni. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe. Juu kuna baraza za mbao zilizochongwa zinazotokeza nje, chini kuna milango ya nakshi, na kando ya mlango kuna baraza ya kukalia, kwa sababu aliyejenga alijua jirani atapita na atataka kukaa. Watu walifikiria mtu wa miguu kabla hakujakuwa na mtu wa gari. Hiyo ndiyo ile kitu mnaililia kwa maoni.

Endelea mpaka bandari ya kale, uone majahazi. Kata ndani kupitia Kibokoni, ununue viazi karai na ukwaju, pinda mara mbili tatu, potea kidogo. Ni kisiwa, utaenda wapi? Utatokea Biashara Street kwa maduka ya leso, kila leso na maneno yake, kusoma peke yake ni nusu saa. Halafu Marikiti, unaanza kunusa iliki na mdalasini kabla hujafika. Mimi chuo niliacha na sina mshahara wa mwezi, na hiyo jioni yote ilinila pungufu ya bei ya soda mbili kwa hoteli ya ufuo.

Najua mtasema kuna takataka. Ziko. Kuna nyumba zinaanguka, kuna mitaro inanuka. Lakini Lisbon yenyewe ina kuta zimebanduka rangi, na huko mnaziita haiba. Mtasema simu itaibwa. Simu yako iko salama Nairobi kwani? Weka mfukoni, utembee.

Sasa nigeukie wenzangu wa kamera, kwa sababu nyinyi ndio mnakuja na mnaharibu. Nimemwona kijana amepanga msichana mbele ya mlango wa nakshi, taa, nguo ya kubadilisha, kila kitu. Mzee amekaa barazani hapo hapo, hatua mbili. Akangoja, akangoja, mwisho akasema pole pole: "Mwanangu, wapiga picha mlango, mwenye mlango humsalimii?" Kijana akacheka akadhani ni utani. Shikamoo inakugharimu nini? Pale si studio. Kuna mtu amelala nyuma ya huo mlango, kuna bibi anataka kutoka aende sokoni na wewe umeziba. Wanawake wa pale wasipigwe picha bila kuulizwa. Usiingie msikitini kama duka.

Na kaunti pia isikie. Bodaboda na tuktuk zinapiga honi kwa njia ambayo watu wawili wakipishana wanagusana mabega. Mtoto anaruka ukutani kila dakika mbili. Fungeni Ndia Kuu kwa magari na pikipiki jioni, hata kama ni Ijumaa na Jumamosi tu za kuanzia. Wenye maduka na wakazi wapewe saa zao za kushusha mizigo, mgonjwa apitishwe wakati wowote. Mji huu ulikaa mamia ya miaka bila injini hata moja. Jioni mbili kwa wiki hazitauua.

Nyinyi mnaoenda Desemba, tiketi za SGR zinaisha mapema. Kata yako, na ukishuka Miritini mwambie dereva akupeleke mjini kwanza.