Safari Yetu ya Nane Nane Hadi Manda



Mwezi huu tunaomba mturuhusu tuwasimulie safari. Hatukwenda semina wala mkutano wa injili, hatukwenda msibani wala harusini. Tulikwenda kutembea tu, wanawake watano wa Makambako, marafiki tangu watoto wetu wa kwanza wakiwa mgongoni. Kwa miaka mingi tulikuwa tukiambiana "iko siku tutakwenda kuliona Ziwa Nyasa", na siku hiyo haikuwa inafika. Hatimaye ikafika Ijumaa tarehe 8 Agosti 2025, Sikukuu ya Wakulima, iliyotuunganishia siku tatu za mapumziko.

Tulianza kujiandaa mwezi Februari. Kila mmoja alitia shilingi 20,000 kwa mwezi katika kibubu, na ilipofika Agosti tulikuwa na fedha za mafuta, malazi na chakula. Gari tulilitumia la mwenzetu mwenye duka la vitenge, ambaye ndiye pia aliyeendesha. Waume zetu waliuliza maswali mengi. Mmoja alimwuliza mkewe, "Mnakwenda kufanya nini huko?" Mkewe akamjibu, "Kukaa." Baba yule alicheka, lakini tunadhani hakuelewa.

Jambo moja tulilifanya vibaya tangu mwanzo, nasi tunalikiri. Usiku wa kuamkia safari hakuna aliyelala. Huyu alikuwa akichemsha maharage ya siku tatu, yule akipiga pasi nguo za kanisani za watoto, na mwingine akimwandikia binti yake orodha ya kazi kana kwamba anahamia nchi nyingine. Tulipoingia garini alfajiri tulikuwa tumechoka kuliko siku ya kuvuna mahindi. Ndivyo tulivyo akina mama. Hata ruhusa ya kupumzika tunailipia kwanza kwa kazi.

NJIANI

Kutoka Makambako hadi Njombe ni kama kilomita 60 za lami. Mwezi wa nane mnaijua baridi ya kwetu. Tulisimama mjini Njombe tukanywa chai ya maziwa, mikono imekumbatia vikombe na mvuke ukitutoka midomoni. Pale Itoni tuliiacha barabara ya Songea, tukashika njia ya Ludewa. Kutoka Itoni hadi Manda, kule ziwani, ni kilomita 211.

Misitu ya misindano ilitusindikiza, na mashamba ya viazi yaliyokwishavunwa. Kati ya Lusitu na Mawengi, umbali wa kilomita 50, tulipita juu ya barabara ya zege, inayopanda na kushuka milima kwa kona ambazo zilimfanya dereva wetu aache kabisa kuongea. Wenyeji wanaokumbuka matope ya zamani, magari yakilala njiani na wagonjwa ndani yake, wanajua thamani ya zege lile. Tulifika Ludewa mjini jioni, tukalala katika nyumba ya wageni. Kwa kuwa mwandishi wenu ni muuguzi, tulibeba vyandarua vyetu wenyewe. Mkoa wetu wa Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, na kwa sababu hiyo miili yetu haijauzoea ugonjwa huo. Mtu wa baridini anayeshuka ziwani hana budi kujikinga.

Jumamosi asubuhi tuliteremka kwenda Manda. Kila tulipomaliza kona tulivua vazi moja, kwanza kofia, kisha masweta, kisha soksi. Njombe tuliyoiacha iko juu kwenye mita karibu 2,000, na ziwa liko chini kwenye mita kama 475, kwa hiyo siku ile tulishuka kama watu wanaoteremka ngazi kutoka nchi moja kwenda nyingine. Vumbi lilitupaka wekundu hadi kwenye kope.

Kisha tukaliona ziwa. Mmoja wetu, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuona maji yasiyo na ng'ambo ya karibu, alishuka garini akasimama tu. Hakuna aliyemharakisha. Tulitembea mchangani mikono mitupu, karibu na mahali Mto Ruhuhu unapoingia ziwani. Dagaa walikuwa wameanikwa, watoto wakiwafukuza kunguru. Tulikula samaki aina ya mbasa na ugali, na chakula kile kilipikwa na mtu mwingine, tukaletewa, na vyombo vikaoshwa na mtu mwingine. Tulitazamana tukacheka.

Kabla ya kuondoka tulinunua vyungu vya Wakisi, ambao wanawake wao wanasifika kwa ufinyanzi katika mwambao ule. Mama aliyetuuzia alikigonga kila chungu kwa kidole, akatega sikio, ndipo akatukabidhi. "Chenye ufa hakilii vizuri," alisema.

CHINI YA MTI

Wakati wa kurudi, katika kupanda mlima, tairi la nyuma likapata pancha. Tairi la akiba nalo halikuwa na upepo. Kijana wa bodaboda aliyepita njia alilipakia lile lililotoboka akalipeleka kijijini kwa fundi, nasi tukakaa chini ya mti kumngojea. Tulikaa karibu saa mbili. Tuliimba nyimbo za kwaya hadi zikatuishia, tukataniana, kisha tukanyamaza.

Ndipo mwenzetu mmoja, mama wa watoto wanne, ambaye tangu Makambako alikuwa akikaa kiti cha nyuma bila kusema mengi, alimsogelea mwandishi wenu akamwambia kwa sauti ndogo, "Sista, nina kitu kwenye titi. Tangu Krismasi."

Alisema mwanzoni kilikuwa kama punje ya hindi, na sasa kimekuwa kama njugu mawe. Tulimwuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Januari mtoto alikuwa anaanza kidato cha kwanza, nikahangaika na sare na godoro. Februari mama mkwe akalazwa, nikakaa naye wodini wiki mbili. Kisha palizi, kisha mavuno. Kila nikisema kesho naenda, inatokea shida ya mwingine. Halafu hakiumi, Sista. Nilisema kingekuwa kitu kibaya, kingeniuma."

Ndugu wasomaji, mama huyu alikaa wodini wiki mbili akimwuguza mama mkwe. Kwa wiki mbili alipishana na madaktari na wauguzi mlangoni, naye amebeba uvimbe wake chini ya kitenge. Na sisi rafiki zake je? Kila Jumapili tunakaa naye benchi moja. Tunamwuliza, "Hujambo?" Anajibu, "Sijambo," nasi tunafungua kitabu cha nyimbo. Mwandishi wenu, ambaye kazi yake ni kuuliza watu hali zao, alikuwa hajamwuliza swali la pili kwa miezi minane. Tuligonga vyungu vitano siku ile kabla ya kulipa, lakini mwenzetu tulikuwa hatujamgonga hata mara moja.

Usiku ule Ludewa, kwa ruhusa yake na mlango ukiwa umefungwa, mwandishi wenu alimpima kwa mikono. Uvimbe ulikuwapo, mgumu, upande wa kwapani. Tulimweleza ukweli wote. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani, lakini hakuna mkono wa muuguzi, wala wa daktari, unaoweza kutofautisha kwa kugusa tu. Ni lazima vipimo. Tulipiga magoti tukaomba, kisha tukapanga siku ya hospitali. Vyote viwili ni kazi ya mwamini.

Jumapili, baada ya ibada ya asubuhi pale Ludewa, tulirudi Makambako. Aliogopa kumwambia mumewe, akatuomba tuwepo. Tulimwogopa baba yule bure. Alisikiliza, akakaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Kesho gari la kwanza linaondoka saa ngapi?"

Alipigwa picha ya mawimbi, na baadaye akachukuliwa kinyama kwa sindano kwa ajili ya maabara. Majibu yalichukua wiki tatu, nayo hayakuwa yale tuliyoyaomba. Ilikuwa saratani. Hata hivyo madaktari walisema haijasambaa mbali, na kwamba kuna mengi ya kufanya. Mwezi Oktoba alifanyiwa upasuaji, kisha akaanzishiwa dawa za dripu. Nywele zilimtoka, akawa anavaa kilemba kizuri kuliko vyetu vyote. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia, "Andikeni, ila jina langu liacheni." Kile kibubu tulichokusudia kukijaza tena kwa safari ya mwaka uliofuata kikageuka nauli yake ya hospitali. Hakuna kati yetu aliyenung'unika.

TUNAJIFUNZA NINI?

Katika Injili ya Marko, sura ya 6, tunasoma jinsi mitume walivyorudi kwa Bwana wakiwa na kazi nyingi hata nafasi ya kula hawakuipata. Bwana hakuwaongezea kazi. Aliwatenga na watu ili wapate kupumzika. Sisi akina mama tumezoea kuisoma habari hiyo kama inawahusu wachungaji. Inatuhusu na sisi. Mama asiyekaa chini hana mahali pa kujisikia mwili wake, wala hapati saa ya kumwambia mtu lililo moyoni. Haikuwa lazima mwenzetu afike Manda ili aseme. Ilikuwa lazima apate saa mbili ambazo hakuna mtu anayemwita.

Kwa hiyo, mama msomaji, tunakuomba mambo machache.

Kwanza, yajue matiti yako. Mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya hedhi kwisha, jitazame mbele ya kioo na ujipapase polepole hadi kwapani. Aliyekoma hedhi achague tarehe moja ya mwezi. Ukiona uvimbe, ngozi iliyobonyea au iliyo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani, damu au majimaji yanayotoka, au kidonda kisichopona, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Usingoje maumivu, kwa maana saratani ya matiti mara nyingi huanza bila kuuma.

Pili, ukiwa hapo, ulizia pia uchunguzi wa mlango wa kizazi, hasa kama umetimiza miaka 30. Katika nchi yetu saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake, na ya matiti inaifuata. Dalili zake za awali hutibika kabla hazijawa saratani. Wenye binti wadogo, waulizeni wauguzi kuhusu chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018.

Tatu, usimtibu mwenzako kwa mafuta ya kuchua na uvumi. Mwenzetu naye alikuwa ameuziwa chupa ya mafuta sokoni, na miezi ikapita akipaka.

Nne, tafuteni siku ya kukaa pamoja. Si lazima iwe ziwani. Inaweza kuwa alasiri moja chini ya mti wa jirani, watoto wakiwa na baba yao. Na mkishakaa, muulizane swali la pili. Baada ya "sijambo", ulizeni, "Na wewe mwenyewe je?"

Nawe baba uliyeokota gazeti hili mezani, kama mkeo atakuaga kwamba anakwenda "kukaa", mwache aende. Mpe na nauli.

Mungu awabariki, awalindie nyumba zenu. Tukutane mwezi ujao, Bwana akipenda.