Takwimu za shule zirudi kijijini kabla mtoto hajapotea

Asubuhi moja ya bamvua, majira ya saa nne, nilikuwa gatini Kilwa Masoko nikisubiri mashua ya kuvukia Kilwa Kisiwani. Maji yalikuwa yamekupwa hadi mwamba ukawa wazi, na akina mama na watoto walikuwa wametapakaa juu yake wakitafuta pweza. Kijana mmoja wa miaka kama kumi na miwili alipanda kutoka majini akiwa na fimbo ya kuchokolea mkononi na pweza watatu kwenye ndoo. Aliniamkia, nami nikamwuliza kama leo hakuna shule.

"Shule ipo mzee, ila leo bamvua," akanijibu, kisha akaenda kwa mnunuzi. Pweza walipowekwa kwenye mzani, kijana akataja hela yake kabla mnunuzi hajamaliza kubonyeza simu. Hesabu ilikuwa sawasawa.

Ndugu msomaji, jibu la mtoto yule limenikaa kichwani kwa sababu siku hizi kila unapozungumzwa mustakabali wa elimu, husikosi kusikia habari ya takwimu kubwa. Tunaambiwa kompyuta zitachambua mahudhurio na alama za wanafunzi, kisha zitatuonyesha nani anaelewa, nani anabaki nyuma na nani yuko njiani kuacha shule. Mimi si mpinzani wa jambo hilo. Nasema tu kwamba jinsi tunavyozikusanya takwimu hizo kwa sasa, kompyuta itamwona kijana yule lakini haitamwelewa, na sisi tunaomwelewa hatuonyeshwi kilichoandikwa.

Tuanze na hesabu ndogo ambayo kila mkulima anaiweza. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Katika pwani yetu maji ya bamvua hukupwa sana asubuhi kuelekea mchana, yaani katikati ya vipindi vya darasani. Mtoto akikosa siku tatu tu za shule kila bamvua, amekosa sita katika siku ishirini za masomo za mwezi. Mwaka wa masomo una siku 194. Kwa mwendo huo atakosa karibu siku 58, ambazo ni zaidi ya miezi miwili na nusu ya shule. Hajafukuzwa, hajaacha shule, na jina lake lipo. Zile takwimu za mwaka ambazo shule hupeleka juu kwa kawaida hueleza hali ilivyokuwa mwezi Machi, na Machi kijana huyu ni mwanafunzi kamili anayehesabiwa kama wenzake.

Kwa upande wa vifaa, nchi yetu haijalala. Baraza la Mitihani lina mfumo wa PREM ambao humpa kila mtoto wa shule ya msingi namba yake, na mzazi aliyewahi kumhamisha mtoto anaifahamu namba hiyo. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2014 na ambao mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa mikoa yake, ulileta mfumo wa taarifa za shule ambapo mwalimu mkuu alijaza mahudhurio ya wanafunzi na walimu kwenye kishikwambi. Baada ya Sensa ya mwaka 2022 serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu. Kwa hiyo anayedai kuwa hatuna takwimu anakosea. Tunazo nyingi, na kila mwaka zinaongezeka.

Faida yake inaweza kuwa kubwa, na ushahidi upo. Katika jiji la Chicago nchini Marekani, watafiti wa chuo kikuu cha huko walionyesha mwaka 2005 kwamba mwanafunzi anayemaliza mwaka wa kwanza wa sekondari akiwa amefaulu masomo yake ana nafasi ya kuhitimu kwa wakati mara tatu na nusu zaidi ya yule aliyeteleza mwaka huo. Utafiti uliofuata mwaka 2007 ukaonyesha kuwa mahudhurio ya mwaka huo yanasema mengi kuliko alama alizokuja nazo mtoto kutoka shule ya awali. Siri ya mafanikio yao haikuwa kompyuta. Shule zilipewa orodha za majina mapema, mwaka ukiwa bado unaendelea, na walimu wakawafuata watoto wale mmoja mmoja. Waliohitimu wakaongezeka katika miaka iliyofuata.

Sasa linganisha na kwetu. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Taifa likashituka, tume ikaundwa, matokeo yakapangwa upya. Lakini watoto wale walikuwa wamekaa madarasani miaka minne, kila asubuhi wakiitwa majina na kila muhula wakipimwa. Dalili zote zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu kwenye madaftari. Hakuna aliyezisoma wakati bado zingeweza kumsaidia mtu.

Hapa ndipo penye kidonda. Takwimu zetu zinapanda tu. Zinatoka darasani zinakwenda kwa mwalimu mkuu, kwa afisa elimu kata, halmashauri, mkoani, hadi Dodoma, na huko zinatengenezwa kitabu. Watu wa Kilwa tunaujua mwenendo wa namna hii. Tangu mwaka 2004 gesi ya Songosongo inapita kwenye bomba kwenda kuzalisha umeme Dar es Salaam, na muda mrefu watu wa jirani na visima wamekuwa wakiuliza chao ni kipi. Gesi angalau inalipiwa. Takwimu za mtoto zikiondoka, mzazi hapati hata risiti.

Na zikifika huko juu, zinakosa maana yake. Alama ya "hayupo" kwenye rejesta haisemi kwa nini hayupo. Kompyuta ya Dodoma ikipewa rejesta ya shule ya kisiwani itaona watoto wanaopungua kila baada ya wiki mbili, itawaita watoro sugu. Bibi yeyote wa Kisiwani akionyeshwa karatasi hiyo atatazama tarehe na kukuambia ni bamvua. Ukienda bara kidogo, kwenye vijiji vya ufuta, kupungua kutaonekana Mei na Juni watu wanapovuna na kufunga matita. Kwenye korosho ni kuanzia Oktoba. Kwa wavuvi wanaokwenda dago, mtoto anaweza kuondoka na baba yake wiki kadhaa hadi kambi ihame. Kuna na msimu wa unyago, ambao sitauzungumzia sana kwa kuwa una wenyewe. Hizi ni sababu nne tofauti zenye dawa nne tofauti, na zote kwenye mfumo zimeandikwa neno moja.

Mei 2024 mvua kubwa na kimbunga Hidaya vilikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga, hapa hapa wilayani kwetu. Mtoto aliyeshindwa kuvuka maji kwenda shule wiki hiyo naye ni "hayupo".

Hatari ya kuziamini namba bila kuwauliza wenyeji waliiona Waingereza, ambao wametuzidi kompyuta kwa mbali. Mwaka 2020 mitihani yao ilifutwa kwa sababu ya korona, wakaamua kutumia kanuni ya hesabu iliyochanganya makadirio ya walimu na matokeo ya nyuma ya kila shule. Matokeo yalipotoka Agosti 13, karibu asilimia 40 ya alama walizokadiria walimu zilikuwa zimeshushwa. Mwanafunzi hodari wa shule ambayo huko nyuma haikufanya vizuri aliadhibiwa kwa makosa ya kaka zake. Vijana wakaingia barabarani, na Agosti 17 serikali ikaiacha kanuni hiyo. Nawaza kanuni ya aina ile ingemfanyia nini kijana wangu wa pweza, ambaye hesabu anaijua kuliko mwenye mzani, lakini yuko kwenye shule ambayo haijawahi kutajwa redioni.

Ndiyo maana nililiunga mkono Baraza la Mitihani lilipoamua Januari 2023 kuacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora. Orodha zile ziliwanufaisha wenye kuuza nafasi za shule. Mzazi wa Kilwa hazikumwambia lolote la kufanya kesho yake asubuhi.

Kuna jambo jingine ambalo wakulima watalielewa haraka kuliko wataalamu. Sisi tunaijua kangomba. Mtu anakuja na bakuli lake, anasema hiki ndicho kipimo, na korosho yako inaondoka kwa kipimo kisicho cha haki. Kwenye ufuta tunaiita chomachoma. Takwimu za shule nazo zina kangomba yake. Ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi imekuwa ikihesabiwa kwa kichwa, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na ulipofanyika uhakiki mwaka 2016 nchi nzima, walikutwa maelfu ya wanafunzi hewa. Ukiifunga namba kwenye fedha, au kwenye sifa ya bosi, namba itanenepa. Hakuna kompyuta inayoweza kulisafisha bakuli la kangomba baada ya korosho kupimwa. Atakayelikamata ni jirani anayejua kuwa mtoto aliyeandikwa yupo ameonekana sokoni tangu asubuhi.

Kwa hiyo dawa yangu ni moja: kabla takwimu za shule hazijapanda, zisomwe kijijini. Tumewahi kuona jambo la jinsi hii likifanyika. Mwaka 2010 Uwezo walipita nyumba kwa nyumba nchini wakiwapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili waisome. Ni takriban watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu walioweza kuisoma hadithi ya Kiswahili. Namba hiyo iliwatikisa wakubwa, lakini kwangu mimi uzuri wa kazi ile ulikuwa pengine. Mzazi aliambiwa hapo hapo mlangoni kwake mtoto amesoma mpaka wapi.

Angalia pia tulivyofika kwenye ufuta. Zamani mkulima alikuwa akisikia bei kwa fununu. Leo mnada wa stakabadhi ghalani unaendeshwa kwa mfumo wa Soko la Bidhaa, na bei iliyofikiwa inasomwa mbele ya wakulima, wanaikubali au wanaikataa. Malalamiko bado yapo, ya makato na ya malipo kuchelewa, lakini hakuna mkulima wa Kilwa anayekubali tena kusubiri mwaka mzima ndipo aambiwe ufuta wake uliuzwaje. Kwa nini akubali kusubiri miaka saba aambiwe mtoto wake aliacha kuelewa darasa la tatu?

Ninachopendekeza ni kwamba rejesta iongezwe alama za sababu. Mwalimu aandike B kwa bamvua, D kwa dago, S kwa shamba, U kwa ugonjwa. Kila mwisho wa mwezi hesabu ya darasa, bila majina ya watoto, ibandikwe ofisi ya kijiji na pale mnapobandika bei za mnada. Majina yabaki kwa mwalimu na mzazi mhusika, aitwe au atumiwe ujumbe wa simu mtoto anapofikisha siku tatu. Hili la majina nalisisitiza, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kufanya kazi tangu Mei 2023, na udhaifu wa mtoto wa mtu si wa kutundikwa ukutani wala wa kupewa kampuni ya kuuza masomo kwenye simu.

Hesabu hizo zikisomwa na wanaojua bahari, mipango itabadilika. Mchokoaji wa pweza huwa amerudi nyumbani maji yanapoanza kujaa mchana. Kamati ya shule ingeweza kukubaliana na walimu kuwa siku za bamvua pawepo masomo ya fidia kuanzia saa nane kwa waliokosa asubuhi, na vikundi vya BMU, ambavyo tayari vinaandika samaki wanaovuliwa, viwakatalie wanunuzi kupokea pweza kutoka kwa mtoto saa za shule. Mpango huo hauwezi kubuniwa Dodoma, maana Dodoma hakuna bahari.

Najua nitajibiwa kwamba walimu wana mzigo mkubwa. Ni kweli, na ndiyo maana sitaki waongezewe fomu nyingine. Nataka ile wanayoijaza iwe na kazi. Nitaambiwa pia kuwa mtoto haendi mwambani kwa kupenda, ni njaa. Hilo nalo ni kweli kwa nyumba nyingi, na rejesta haipiki ugali. Lakini halmashauri ikijua kwa uhakika ni watoto wangapi wanaokosa shule kwa ajili ya kutafuta chakula, itajua pia uji wa shuleni uanzie shule ipi.

Mji huu uliwahi kupiga sarafu zake wenyewe na kupokea dhahabu ya Sofala, kazi isiyowezekana bila watu wa kuandika na kuhesabu. Gharama ya ninachokiomba ni ubao mmoja na boksi la chaki kwa kila kijiji, na dakika kumi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Wenyeviti wanaosoma ukurasa huu wanaweza kuanza na mkutano ujao, kwa kumwomba mwalimu mkuu aje na rejesta.