Hijabu za kuazima

Kila ubishi wa dini na ukabila ukianza hapa Nairobi, hakosi mtu wa kusema: "Ah, sisi Wakenya hatubaguani bwana, si unakumbuka basi la Mandera?" Nakumbuka sana. Na ndiyo maana maneno hayo hunikera.

Kwa mliokuwa wadogo wakati ule: tarehe 21 Desemba 2015, basi lililotoka Nairobi kwenda Mandera lilivamiwa na al-Shabaab karibu na El Wak. Lilikuwa na abiria zaidi ya 60, wengi wao Waislamu. Waliojua habari za njia ile walijua pia kitakachofuata, kwa sababu Novemba 2014 basi jingine lilisimamishwa huko huko Mandera, abiria wakatenganishwa kwa dini na watu 28 wakauawa. Safari hii akina mama waligawa hijabu zao, wakawafunika wanawake Wakristo. Wavamizi walipoamuru watu wajitenge, abiria waligoma. Kama ni kuua, wakasema, tuueni sote. Watu wawili waliuawa siku hiyo. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa waliogoma, alipigwa risasi na akafariki Januari 2016.

Mimi kinachonishika katika kisa hiki ni zile hijabu. Hebu piga picha muda uliokuwepo. Basi limesimama, wenye bunduki wako nje. Hapo hakuna mjadala wala semina ya maridhiano! Mama anamgeukia mtu ambaye pengine hawajasemezana tangu Nairobi, anamfunga kitambaa kichwani. Basi. Na walikuwa na njia rahisi: kunyamaza tu na kujitenga, waende zao nyumbani.

Sasa turudi kwenye matatu zetu. Novemba 2012, baada ya bomu kulipuka ndani ya matatu Eastleigh, vijana walitoka kuwashambulia Wasomali mitaani. Aprili 2014, msako wa Usalama Watch ulikusanya maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakarundikwa uwanja wa Kasarani. Na sisi abiria tukajifunza tabia yetu. Mama wa buibui anaingia na mkoba mkubwa, jirani yake anakumbuka ghafla kwamba anapenda kukaa nyuma. Hatukani mtu. Niliwahi kumwona mmoja akiufungua mkoba wake, akatoa chupa ya maji, hakunywa, akairudisha, akauacha mkoba wazi mapajani ili sote tuone ndani. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. (Wala hakuna aliyemwambia, mama, funga mkoba wako.)

Najua utaniambia watu waliogopa. Kweli, na mabomu hayakuwa hadithi. Lakini hivi abiria wa lile basi hawakuogopa? Hofu yao ilikuwa imeshika bunduki. Ya kwetu ilikuwa imeshika mkoba wa mboga.

Salah tulimpenda, na alistahili. Serikali ilimtunuku nishani akiwa kaburini, na filamu fupi ya Watu Wote iliyotokana na kisa kile ilifika hadi kwenye uteuzi wa Oscar 2018. Ninachouliza ni hiki: Msomali ambaye hajamfia mtu yeyote, anayeuza vitambaa vyake na kuhangaika na karo kama mimi na wewe, yeye bado anatudai nini, au sisi tunamdai nini? Maana vijana wa kule kaskazini waliendelea kuchujwa kwa mchujo wa peke yao kila walipoomba kitambulisho, wakiulizwa babu alizaliwa wapi, hadi Februari 2025 Rais Ruto alipotia saini tangazo la kuufuta. Hesabu mwenyewe, ni zaidi ya miaka tisa baada ya lile basi.

Jioni ukipanda matatu, tazama ni kiti gani kinachojaa mwisho.