Utafiti wa maji urudi vijijini



Natoa maoni yangu juu ya utafiti wa mazingira unaofanywa na vyuo vikuu.

Huku Kiwengwa maji matamu ni ya mvua, yaliyojikusanya ndani ya mawe ya uwandani juu ya maji ya chumvi. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda visimani.

Mwaka 2001 Stefan Gössling wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, alichapisha utafiti juu ya maji na utalii katika pwani hii ya mashariki ya Unguja. Alikuta mtalii mmoja hutumia wastani wa lita 685 kwa siku, na mahotelini fungu kubwa huenda kwenye kumwagilia bustani.

Kwa hiyo dawa si kufukuza watalii, maana vijana wetu wanapata kazi. Dawa ni kupanda miti inayostahimili ukame, na kumwagilia kwa maji ya kuogea yaliyosafishwa.

Lakini maelezo hayo yaliandikwa kwa Kiingereza katika jarida la wataalamu. Mwanakijiji anayechota maji atayasoma wapi?

Napendekeza kila kibali cha utafiti kiwe na sharti: mtafiti alete muhtasari kwa Kiswahili na kuusoma kwenye mkutano wa shehia. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiongoze kwa mfano.

Wananchi wakiwa na tarakimu mkononi, watazungumza na wenye mahoteli kwa hoja, siyo kwa manung'uniko.

Msomaji,
Kiwengwa, Unguja.