KINA MAMA SI KIRAKA

Wako wenzetu wasemao kwamba kina mama "waliongezwa" katika TANU. Sisi hatukubali. Ni kweli, mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alifika Dar es Salaam akauliza wanawake wa chama wako wapi, na ndipo sehemu ya wanawake ikaundwa, kiongozi wake Bibi Titi Mohamed. Lakini Bibi Titi, naye mwimbaji, hakuanzia ofisini. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma kama lelemama, ambako kina mama walikuwa na viongozi wao na michango yao tangu zamani. Kadi zikapita humo. Basi nani alimwongeza mwenzake, ndugu zetu?

Kiraka ukikifumua, nguo hubaki nguo. Mshindio ukiutoa, huna nguo.

Twasema haya kwa ajili ya viti maalum. Katiba yataka wabunge hao wanawake wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine wote. Vema. Lakini Katiba hiyo hiyo, ibara ya 51, yataka Waziri Mkuu awe mbunge wa jimbo. Mama wa viti maalum, awe hodari namna gani, mlango huo hapiti. Na matawini bado twasikia: "Mama, ngoja viti vyenu." Kwani jimbo ni la nani? Kura za maoni zijazo, wanaume wanaosema hivyo tuwaulize mbele ya mkutano, wajibu.