Mmomonyoko wa pwani: ukuta, mchanga au kurudi nyuma?

Barabara ya pwani inayounganisha Mombasa, Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, Pangani na Bagamoyo imeshaingia katika hesabu za wasafirishaji wengi. Desemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha takriban Euro milioni 345 kwa awamu ya kwanza. Faida yake inaeleweka: lori linalotoka Mombasa kwenda Dar es Salaam halitalazimika kuzungukia Segera na Chalinze. Lisilozungumzwa sana ni kwamba baadhi ya miji ambayo barabara hiyo inaihudumia imekuwa ikiliwa na bahari kwa miaka mingi.

Pangani ni mfano wa karibu. Mbele ya mji huo kulikuwa na kisiwa cha Maziwi, chenye mivinje na mazalia ya kasa. Miti ilikatwa, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 kisiwa kikazama. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa.

Dawa inayopendwa na viongozi ni ukuta, kwa sababu unaonekana na unazinduliwa. Ule wa Barabara ya Barack Obama jijini Dar es Salaam ulizinduliwa mwaka 2018, kwa fedha za Mfuko wa Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabianchi. Mombasa nayo imejenga ukuta kuikinga Fort Jesus. Penye jengo la karne nyingi au barabara kuu ya mjini, hesabu ya ukuta inakubalika. Lakini wimbi likigonga ukuta hurudi na nguvu zake, likakomba mchanga ulio chini yake, na ukuta unapoishia jirani ndiye anayeumia. Aidha, matengenezo hayana mfadhili anayekuja na mkasi wa kukata utepe.

Ufukwe ni kama akaunti ya benki. Mito huweka mchanga, mawimbi ya kusi huuchukua na kuusogeza kaskazini. Kaskazini mwa Dar es Salaam, kuanzia Mbezi hadi Kunduchi na Tegeta, mchanga wa mito umechimbwa kwa ajili ya ujenzi kabla haujafika baharini. Matumbawe nayo yalivunjwa kwa baruti za wavuvi. Akaunti isiyowekwa kitu, ikitolewa kila siku, huisha. Hapa wasomaji wetu wahusika moja kwa moja, kwani mchanga huo unabebwa na malori. Bei anayolipa mjenzi ni ya kuchimba na kusafirisha tu. Ufukwe unaopotea haumo kwenye risiti.

Kwa wanaosubiri bandari mpya, Bagamoyo ikiwemo, Togo inafaa kutazamwa. Bandari ya Lomé ilijengwa miaka ya 1960, na ukuta wake wa kukinga mawimbi ukazuia mchanga uliokuwa ukisafiri kuelekea mashariki. Upande wa mashariki ukaanza kuliwa, nyumba zikaenda, na barabara ya kuelekea Aného na mpaka wa Benin ikabidi isogezwe bara. Hiyo ni sehemu ya ushoroba wa Abidjan hadi Lagos, wenye zaidi ya kilomita 1,000. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2019 kwamba mmomonyoko, mafuriko na uchafuzi wa pwani katika Togo, Benin, Senegal na Cote d'Ivoire uligharimu Dola bilioni 3.8 kwa mwaka 2017, sawa na asilimia 5.3 ya pato la nchi hizo nne.

Kupanda mikoko kunasifiwa, na ni kweli ni rahisi, lakini mkoko hustawi kwenye tope la midomo ya mito na ghuba tulivu, si kwenye ufukwe wa wazi unaopigwa na kusi. Kuleta mchanga kutoka nje na kuumwaga ufukweni kunafanya kazi, ila kunarudiwa kila baada ya miaka kadhaa.

Njia nafuu kuliko zote ni kutojenga karibu. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Anayetafuta kiwanja cha ghala au yadi ya malori kando ya barabara mpya apime mita hizo kabla ya kulipa, tena apime kutoka maji ya bamvua yanapofika.