Malizeni dozi, wacheni ujuaji

Wasee, kuna klipu imezunguka kwa simu zetu wiki hii nzima. Simtaji mwenyewe juu sitaki vita, na najua wengi wenu mmeshaiona. Jamaa ameketi kitandani, ameshika pakiti ya dawa ya malaria, anasema yeye humeza siku moja na nusu tu. Akishaskia mwili uko sawa, zilizobaki anaweka kwa droo, "za siku ingine". Ati dawa yenyewe ndiyo humaliza mtu nguvu kuliko ugonjwa. Komenti ni makofi tupu. "Kweli kabisa." "Hata mimi." "Hawa wanataka tu kutuuzia."

Hizo "hata mimi" ndizo zimenitoa kitandani saa hii ya usiku. Juu miaka mitatu iliyopita ningeiandika mimi mwenyewe.

Kabla mtu aniulize cheti: niliacha chuo mwaka wa pili, na nilikuwa nasomea biashara, si udaktari. Hapa si hospitali. Ninayosema mengi yako kwa ile karatasi imekunjwa ndani ya pakiti, ile mnatupa bila kufungua. Mengine niliambiwa siku ambayo nitawaeleza.

Tuanze na pakiti. Dawa tunayopewa wengi hapa Kenya kwa malaria ya kawaida ni AL, na kila kidonge kina dawa mbili ndani, atemetha na lumefantrini. Mtu wa kilo 35 kwenda juu anameza vidonge 4 mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Jumla 24. Ile mara ya pili ni masaa 8 baada ya ya kwanza, halafu siku mbili zinazofuata ni asubuhi na jioni. Sasa, kwa nini dawa mbili? Atemetha ni ya mbio. Inaingia, inaangusha vimelea vingi sana kwa muda mfupi, na baada ya masaa machache imetoka mwilini. Ndiyo maana kesho yake unaamka ukitafuta chapati. Lumefantrini ni mpole, inakaa kwa damu siku kadhaa ikifagia vilivyobaki. Kwa hivyo ile nafuu ya siku ya pili ni kazi ya yule wa mbio. Wa kufagia bado hajamaliza, na wewe umeshamfukuza kazi. Vimelea vilivyobaki vinaanza kuzaana upya, na vile vilivyostahimili dawa kidogo ndivyo vinapata nafasi nzuri zaidi.

Haya, "dawa inanichosha". Sitakudanganya kwamba AL haina madhara. Inaweza kukuletea kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, mwili kulegea, viungo kuuma. Lakini hebu isome hiyo orodha tena polepole. Si hiyo ndiyo malaria yenyewe? Siku ya pili huwezi kujua kwa kuskia tu kama ni dawa imekulegeza au ni ugonjwa bado unatoka. Umeamua ni dawa juu dawa ndiyo unaiona kwa mkono.

Na kuna kitu kingine. Wazazi wetu walimeza klorokwini, na hiyo iliwawasha ngozi mpaka wakajikuna usiku kucha. Wengine walipewa kwinini, masikio yakalia kama kengele. Hizo hadithi ni za kweli, tumekuzwa nazo. Lakini ni za dawa zingine! Mtu anakataa AL ya leo kwa sababu ya kujikuna kwa mamake mwaka wa themanini na kitu.

Kile sijaskia kwa klipu hata moja ni chakula. Lumefantrini inahitaji mafuta ndiyo iingie kwa damu vizuri. Maziwa, avokado, mandazi, omena ya kukaangwa, chochote chenye mafuta. Ukimeza na maji matupu tumbo likiwa tupu, unaweza kumaliza vidonge vyote 24 na bado dawa iliyoingia ni kidogo. Hapa hasira yangu inahamia kwa aliyekuuzia. Unapewa bahasha ya kaki imeandikwa "4x2", basi, kwaheri, wa pili aje. Neno moja tu la "kula kwanza" lingechukua sekunde ngapi? Najua pia kuna mtu anasoma hii na hana hayo maziwa. Nimekaa hosteli, najua wiki ya mwisho ya mwezi inakaaje. Huyo simcheki. Nasema hata kama ni mandazi moja ya kukopa, panga imezwe na dawa.

Kuna mambo ya kutovumilia, nitayapitia haraka. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, rudi uwaambie, hiyo dozi huenda ikarudiwa. Ukitoka vipele, uso ukivimba, pumzi ikibana, moyo ukienda mbio vibaya au ukizimia, enda hospitali hapo hapo. Na kabla ya kumeza sema ukweli wako wote: kama una shida ya mapigo ya moyo, kama uko na mimba, kama unameza dawa za kifua kikuu au za HIV. Rifampisini ya kifua kikuu inapunguza sana nguvu ya AL. Muuzaji hawezi kusoma hayo usoni pako.

Sasa ile siku.

Nilishikwa na malaria nikiwa chuo, Novemba. Nikapimwa, nikapewa 24. Nikameza siku mbili, 16. Siku ya tatu nilikuwa mzima kabisa, nikaona ujanja ni kuweka 8. Desemba nikabeba kwa begi mpaka nyumbani, Busia. Usiku mmoja wa mvua binamu yangu, mtoto wa shangazi, miaka 6, akachemka mwili. Kukhu akauliza, "Kwani hapa nyumbani hakuna dawa?" Nikasema, "Iko, kukhu." Niliskia vizuri sana kusema hivyo. Mtu wa chuo, amekuja na suluhisho.

Tulimpa kimoja usiku, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kimoja juu yeye ni mdogo, si ndiyo? Hiyo ilikuwa hesabu yetu. Kesho kutwa yake alikuwa anapiga mpira wa karatasi uwanjani na mimi nikasifiwa mbele ya wageni. Siku chache baadaye homa ikarudi, na safari hii ikaja na degedege. Sijawahi kuona mtoto akikakamaa hivyo na natumai sitaona tena. Pikipiki moja, sisi watatu, shangazi akilia njia nzima.

Kituo cha afya walimpima, vimelea vimejaa. Wakamwanzishia sindano ya atesunati. Aliyekuwa zamu ni klinikal ofisa, ingawa kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari. Aliuliza mtoto amepewa nini, nikatoa pakiti. Akaandika nyuma ya karatasi: kilo 19, ni vidonge 2 kila mara, mara 6, jumla 12. "Amepata ngapi?" Vitatu. "Hiyo ni robo," akasema. Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Akaongeza kwamba hata zile zote 8 hazingetosha, na kwamba mtoto akishamaliza sindano bado atameza dozi yake nzima ya siku tatu.

Binamu yuko hai, ananizidi mbio. Lakini kila nikiona mtu anaandika "naweka zingine kwa droo", naona lile begi.

Na mwenye kemisti usidhani nimekusahau. Mtu anaingia akisema "nina homa", unamkatia pakiti bila kumpima. Au unamwambia yule wimbo wa taifa wa maduka yetu, "uko na malaria na taifodi", zote mbili, kila siku, kila mtu, hadi mtoto ambaye shida yake ni kifua. Shirika la Afya Duniani lilisema tangu 2010 kila anayeshukiwa malaria apimwe kabla ya dawa. Kipimo cha haraka ni tone la damu kwa kidole na dakika 15 au 20. Kwa kaunti nyingi za huku ziwani wahudumu wa afya wa kijijini hutembea nacho. Mkiwa Nairobi na hamjatoka Nairobi, homa yenu mara nyingi ni kitu kingine kabisa, na kila siku mnayopoteza na AL ni siku nimonia inapata bure.

Mtasema huu ni mwili wangu, dawa nimenunua na doo yangu. Sawa, lakini mbu hajui mipaka ya mwili wako. Klorokwini ilikuwa dawa ya bei rahisi, kila mtu alikuwa nayo. Ikashindwa. 1998 tukahamia SP, ile mnaita Fansidar. Nayo ikaanza kushindwa, na 2004 serikali ikaamua tuhamie AL. Leo, vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa za aina ya atemetha vimethibitishwa Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea. Mimi nikisimama nyumbani naona malori yakivuka Uganda. AL bado inatibu, msiniskie vibaya. Nauliza tu, ikishindwa tutahamia wapi, na nani atalipa? Dozi nusu si sababu pekee ya haya yote, wala mwananchi wa kawaida si mkosaji pekee. Lakini ni sehemu ambayo mimi na wewe tunaishika kwa mkono wetu.

Jamaa wa klipu, nimekuandikia faraghani mara mbili, umesoma, umenyamaza. Sikuombi uombe msamaha, mimi pia nilisifiwa kwa upuuzi huo huo. Hizo za kwa droo peleka kemisti, usimpe mtu. Halafu rekodi ingine, hata ya dakika moja, useme 24 ni 24. Ukiiweka nitaisambaza kabla mtu mwingine yeyote.